Kima wa Msitu wa Mto Tana

Mwanafunzi wa Uganda akisikia habari za mbega wekundu hufikiri mara moja juu ya msitu wa Kibale, karibu na Fort Portal, maana huko wako wengi sana. Ni wachache wajuao kwamba mbega hao wana jamaa zao mbali mashariki, katika nchi kavu ya Kenya, wakaao katika vipande vidogo vya msitu kando ya Mto Tana. Nilikwenda kuwatazama wakati wa likizo, na sasa nataka kuwaelezeni mambo niliyoyaona, na sababu zake.

Mto Tana ni mrefu kupita mito yote ya Kenya. Maji yake hutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, huzunguka upande wa mashariki, kisha hushuka kusini mpaka Bahari ya Hindi karibu na Kipini. Ukisafiri kutoka Garissa kwenda Hola huoni ila vichaka vya miiba, vumbi, na makundi ya ng'ombe wa Waorma. Mvua ni chache, wala huwezi kudhani kwamba mti mkubwa waweza kuota huko. Lakini ukigeuka kuelekea mtoni utaona mstari wa kijani kibichi, na ukiingia ndani yake utakuta mikuyu minene, mikindu na kivuli kizito.

Msitu huo hauishi kwa mvua, bali kwa mto. Mto ukifurika huacha udongo mpya kwenye kingo, na maji mengine huzama chini, ambako mizizi ya miti huyafikia. Kwa sababu hiyo msitu ni mwembamba sana. Ukienda mbali kidogo na maji umekwisha, na miiba imeanza tena. Tena mto wenyewe hauna njia moja daima. Hukata kona, huhama, na kuacha ziwa dogo lenye umbo la upinde. Miti ya kingo za zamani hukauka polepole, na mingine huota kwenye kingo mpya.

Labda mtauliza, mbega walifikaje huko, nao ni wanyama wasioweza kuvuka nyika kavu? Wataalamu wanaeleza kwamba zamani za kale, hali ya hewa ilipokuwa ya mvua zaidi, misitu ya Afrika ya Kati ilienea mpaka karibu na pwani. Halafu nchi ikakauka, misitu ikarudi nyuma, na wanyama wale wakabaki kando ya Tana kama watu waliozungukwa na maji kisiwani. Basi wamekaa peke yao muda mrefu hata wamekuwa aina mbali.

Aina zilizo za Tana peke yake ni mbili. Ya kwanza ni mbega mwekundu wa Tana. Mwili wake ni wa kijivu, na utosini ana nywele nyekundu kama kutu. Chakula chake hasa ni majani, na tumbo lake limegawanyika vyumba, likiwa na vijidudu vya kuyachachusha majani, karibu kama tumbo la ng'ombe. Hana kidole gumba cha kufaa, lakini huruka kutoka mti hadi mti bila shida. Niliwaona asubuhi na mapema; baada ya jua kupanda walikaa tu kivulini, wakingoja majani yasagike. Huko Kibale kundi moja laweza kupita 40, lakini makundi ya Tana ni madogo.

Aina ya pili huitwa mangabei. Yeye ni wa rangi ya manjano iliyochanganyika na kahawia, ana kishungi kichwani na kope nyeupe. Huyu hupenda matunda na mbegu, tena hushuka chini mara nyingi. Nililiona kundi likitafuta kindu zilizoanguka, kila mmoja akijaza mashavu yake kama mtoto mwenye peremende.

Wanyama hawa hawapatikani mahali pengine po pote ulimwenguni ila katika kipande cha mto cha kilomita 60 hivi. Kila aina hukisiwa kuwa elfu moja hivi, au pungufu. Mwaka 1976 Serikali ya Kenya iliweka hifadhi ya kilomita za mraba 169 kwa ajili yao. Lakini Wapokomo walikuwa wakilima kingo zile tangu zamani. Hupanda mpunga, mahindi na migomba, huchonga mitumbwi kwa miti ya msitu, na husuka mikeka kwa ukindu. Ugomvi juu ya ardhi ukafika mahakamani, na mwaka 2007 Mahakama Kuu iliamua kwamba hifadhi ile haikuwekwa kwa kufuata sheria. Baadaye wenyeji wa Ndera walianzisha hifadhi yao ya jamii.

Ni rahisi kwa mgeni kumlaumu mkulima mwenye panga. Kweli, shamba likifyekwa katika msitu mwembamba, mbega hukatiwa njia. Lakini tazameni juu ya mto pia. Mabwawa yalijengwa moja baada ya jingine: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Yanatoa umeme kwa miji na viwanda, na mito midogo iingiayo Tana hupeleka maji Nairobi. Faida hiyo ni kubwa. Lakini bwawa huzuia mafuriko ya kawaida, na yale mafuriko ndiyo yaletayo udongo, ndiyo yanyweshayo mpunga wa Mpokomo, na ndiyo yaoteshayo mikuyu michanga. Kwa hiyo mkulima na mbega, ambao huonekana kuwa maadui, wamepungukiwa kitu kimoja.

Jambo hili latuhusu na sisi, ambao tumewasha taa kwa nguvu za Nile tangu bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954. Mtu awashaye taa mjini hamwoni akaaye chini ya mto. Ndugu wasomaji, mkipata nafasi ya kwenda Tana, amkeni kabla ya jua, msiwape kima chakula, wala msiwakaribie sana, maana maradhi huambukizana baina yao na sisi. Na mkimkuta mzee wa Kipokomo kando ya mto, mwulizeni maji yalikuwa yakifika wapi alipokuwa kijana.