Je, Ugonjwa wa Akili Hurithiwa?

 

Juzi kliniki hapa Kiembeni, mama mmoja aliyemleta mtoto kuchanjwa alinivuta kando akaniuliza polepole: "Sista, mjomba wake huyu ni mgonjwa wa akili. Je, na huyu atakuwa vile?" Wengi wenu mna swali hilo, ila mwaona haya kuuliza.

Jibu ni hili: kinachorithiwa ni uwezekano wa kuugua, si ugonjwa wenyewe. Tuchukue skizofrenia, ugonjwa ambao mtu husikia sauti wasizosikia wengine. Katika watu 100, huwapata kama mmoja. Mzazi mmoja akiwa nao, huwapata watoto kama 10 kwa 100. Yaani 90 hawaupati! Kwa mjomba, uwezekano ni mdogo zaidi.

Hakuna chembe moja ya urithi inayoleta ugonjwa huu. Ni nyingi mno, kila moja ikichangia kidogo. Watafiti wa KEMRI-Wellcome kule Kilifi na Chuo Kikuu cha Moi, pamoja na wenzao wa Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, wamekusanya mate ya maelfu ya watu ili kuzichunguza.

Kwa hivyo tusivunje posa kwa kusema "ukoo ule una wazimu", wala tusimlaumu mama aliyezaa.

Kama kwenu kuna mgonjwa, fanya hivi:

Kwanza, usifiche. Ukiwa mjamzito mwambie nesi, hasa ikiwa mama au dada yako alichanganyikiwa baada ya kujifungua.

Pili, waonye vijana mapema. Bangi ni hatari kwa kila mtu, lakini zaidi kwa mwenye ugonjwa huu katika familia. Muguka wa kukesha nao si salama.

Tatu, zijue dalili: kukosa usingizi siku nyingi, kujitenga, kushuku kila mtu, kuongea na wasioonekana. Usingoje. Nenda kituo cha afya, nao watakuelekeza Port Reitz au hospitali kuu ya Makadara. Ukitaka kuombewa, ombewa, lakini dawa zisiachwe.

Yule mama nilimuuliza: "Na mjomba, anatibiwa wapi?" Akainama. Hajawahi kupelekwa hospitali, miaka yote hiyo. Mtoto alikuwa mzima. Aliyehitaji msaada alikuwa nyumbani. Je, kwako yuko nani?