Utohozi katika Sanaa ya Kilwa

Jamini Roy (1887–1972), mchoraji wa jimbo la Bengal katika Bara Hindi, alifundishwa uchoraji wa Kizungu katika chuo cha serikali mjini Calcutta, akaujua barabara. Katika miaka ya 1920 aliuacha, akashika mtindo wa wachoraji wa vijiji vya kwao. Alipochora Karamu ya Mwisho, habari ambayo Ulaya huikumbuka zaidi kwa picha ya Leonardo da Vinci iliyoko Milan, Yesu na wanafunzi wake walitokea wenye macho mapana na mistari minene ya Kibengali. Kazi ya namna hii ni ya nani: ya aliyekopesha, au ya aliyekopa? Swali hilo si geni katika pwani ya kusini. Limeulizwa kwa muda mrefu juu ya magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, na majibu yaliyotolewa yamegusa heshima ya Waswahili wenyewe.

Wanaoshughulika na lugha wanayo istilahi ifaayo kulifafanua jambo hili, nayo ni utohozi. Kutohoa si kunakili. Neno la Kiarabu kitab lilipoingia katika Kiswahili, halikupata irabu ya mwisho tu. Silabi yake ya kwanza ilisikika kama kiambishi cha ngeli, na kwa hiyo wingi wake ukawa vitabu, umbo ambalo Mwarabu hawezi kulitambua kuwa lake. Asili ya neno ni ya kigeni, bali sarufi inayolitawala ni ya Kibantu.

Mfano ulio karibu zaidi upo Kilwa yenyewe. Husuni ni neno la asili ya Kiarabu lenye maana ya ngome, lakini wenyeji husema Husuni Kubwa na Husuni Ndogo, na vivumishi hivyo hufuata upatanisho wa Kiswahili. Jengo nalo ni kama jina lake. Husuni Kubwa, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14 katika zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lina nyua na birika la pembe nane, mambo yanayokumbusha majumba ya wakuu wa nchi za Kiislamu za kaskazini. Walakini mahali pa matofali pana matumbawe na chokaa iliyochomwa papo hapo. Matumbawe yatokayo baharini huwa laini, huchongeka kwa urahisi, kisha hukazana yakaapo hewani. Hivyo nakshi ya kigeni ililazimika kufuata tabia ya jiwe la pwani. Vivyo hivyo, paa lilipoezekwa kwa boriti za mikoko, upana wa chumba ulipimwa kwa urefu wa boriti. Hiyo ndiyo sarufi ya ujenzi, na kila umbo lililoingia halikuwa na budi kuitii.

Mfano wa pili ni Msikiti Mdogo wa Kuba, wa karne ya 15. Ndani ya dari yake zilipachikwa bakuli za kung'aa zilizoletwa kwa vyombo kutoka ng'ambo. Bakuli huundwa kwa ajili ya chakula. Hapa imeinuliwa juu ya vichwa vya wanaosali, ikawa pambo. Desturi hiyo ilienea pwani: huko Kunduchi, kaskazini ya Dar es Salaam, sahani za Kichina zilipachikwa katika nguzo za makaburi. Mfinyanzi wa Uchina hakuyakusudia matumizi hayo. Chombo ni chake, lakini maana mpya ni ya pwani.

Kwa miaka mingi wataalamu waliyahesabu majengo haya kuwa kazi ya wahamiaji wa Kiajemi na Kiarabu, na mwenyeji akahesabiwa kuwa mtazamaji tu. Uchimbaji wa Mark Horton huko Shanga, katika visiwa vya Lamu, ulioanza mwaka 1980, ulionyesha kwamba chini ya msikiti wa mawe palikuwa na misikiti ya awali ya miti na udongo. Jiwe, basi, lilikuja juu ya desturi iliyokwisha kuota mizizi.

Hata hivyo, mlinganisho huu usivutwe kupita kiasi. Utohozi wa umbo hautuambii nasaba ya fundi, kama vile neno kitabu lisivyotuambia ni nani aliyelitamka kwanza. Unachoonyesha ni mahali ambapo uamuzi ulifanyika: ni sarufi ya nani iliyokubali, iliyobadili na iliyokataa. Kwa kipimo hicho, Karamu ya Roy ni ya Bengal, ingawa habari yake ilitoka mbali. Na kuba zenye bakuli ni za Kilwa, kwa haki ile ile ambayo vitabu ni neno la Kiswahili.