Elia Alikimbia Mara Mbili: Mbio, Msongo wa Mawazo na Utulivu wa Roho



Wapendwa taifa la Mungu, katika lugha yetu neno kukimbia lina sura mbili. Mwanariadha hukimbia uwanjani, na mdaiwa naye humkimbia anayemdai. Wa kwanza anaelekea mahali, wa pili anatoroka. Wahenga walimwonya huyu wa pili waliposema kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Katika makala hii napenda tutafakari mbio za aina ya kwanza, na jinsi zinavyoweza kutusaidia tunapopita katika nyakati ambazo hatujui kesho italeta nini.

Miaka kadhaa iliyopita baba mmoja wa familia alikuja ofisini kwangu parokiani. Simulizi hili nalitoa kwa ruhusa yake. Mkataba wake wa kazi ulikuwa umefikia ukomo, na hakuna aliyemweleza kama ungeandikwa upya. Ada za watoto zilikuwa zikidaiwa. Mahindi aliyotegemea yawe akiba yalikauka kabla ya kubeba. Aliniambia kwamba hapati usingizi mpaka usiku wa manane, kwamba moyo humwenda mbio akiwa amelala kitandani, na kwamba akishika rozari mawazo humtoroka kabla hajamaliza tendo la kwanza. Nilimsikiliza, nikamwombea, nikamhimiza azidi kusali. Ushauri ule ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa nusu tu. Nilizungumza na roho yake kana kwamba haina mwili. Nusu iliyobaki ndiyo ninayoiandika leo, kwa ajili yake na kwa ajili ya wengi wanaobeba mzigo kama wake.

Mbio mbili za nabii Elia

Kitabu cha Kwanza cha Wafalme kinatuonyesha Elia akikimbia mara mbili ndani ya muda mfupi. Mara ya kwanza ni baada ya ushindi wa mlima Karmeli. Mvua inakuja baada ya ukame mrefu, mkono wa Bwana uko juu yake, naye anajifunga kiuno na kukimbia mbele ya gari la mfalme Ahabu mpaka maingilio ya Yezreeli (1Fal 18:46). Hizo ni mbio za mtu mwenye nguvu na furaha. Mara ya pili ni pale malkia Yezebeli anapotuma ujumbe kwamba atamwua. Nabii yule yule anatoroka mpaka Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani mwendo wa siku moja, anaketi chini ya mretemu na kumwomba Mungu aitwae roho yake (1Fal 19:1-4).

Tuangalie jinsi Mungu anavyomtibu mtu huyu aliyechoka. Hamkemei kwa uhaba wa imani, wala hamhubirii. Kwanza anamwacha alale. Kisha malaika anamgusa na kumpa mkate uliookwa juu ya mawe ya moto pamoja na gudulia la maji. Elia anakula, anakunywa, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na kumlisha, kwa kuwa safari iliyo mbele ni ndefu. Hapo ndipo Elia anasimama na kutembea siku arobaini, mchana na usiku, mpaka Horebu, mlima wa Mungu. Ni baada ya usingizi, chakula na mwendo mrefu wa miguu ndipo anapoweza kuisikia sauti ya Mungu, ambayo haimo katika upepo mkali, wala katika tetemeko, wala katika moto, bali katika utulivu.

Tena tuone kwamba Yezebeli bado yu hai na hatari haijaondolewa. Elia anapewa kazi ya kufanya na kurudishwa njiani. Kilichobadilika ni yeye mwenyewe. Alikwenda kama mtu anayetoroka, anarudi kama mtu aliyetumwa.

Mwili unapoogopa

Muumba ameuwekea mwili wetu namna ya kujilinda. Mtu akikutana na simba, ubongo hutoa taarifa ya hatari, na tezi ndogo zilizo juu ya figo humwaga katika damu homoni ziitwazo adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga kwa kasi, pumzi huongezeka, sukari huachiliwa katika damu ili misuli ipate nguvu, na damu nyingi huelekezwa kwenye viungo vya kukimbilia au kupigania. Mwili mzima umeandaliwa kwa tendo moja, yaani kupambana au kukimbia. Hatari ikipita na misuli ikiwa imekwisha kutumia nguvu ile, mwili hurudi katika hali yake ya kawaida.

Tatizo la nyakati zetu ni kwamba ubongo huitikia karibu kwa namna ile ile barua ya deni, majibu ya vipimo ambayo hayajatoka, au habari mbaya tunazozisoma katika simu usiku. Mwili huandaliwa kukimbia, ilhali sisi tumeketi kwenye kiti. Moyo unakwenda mbio, miguu imetulia. Hali hiyo ikidumu siku baada ya siku ndiyo tunayoiita msongo wa mawazo. Usingizi hupungua, kichwa huuma, shinikizo la damu huweza kupanda, hasira huwa karibu, na hata sala huwa nzito.

Sasa inaeleweka kwa nini mbio zinasaidia. Anayekimbia anaupa mwili kile ulichokuwa umejiandaa kukifanya. Misuli hutumia sukari iliyoachiliwa. Baada ya mbio mapigo ya moyo hushuka taratibu, na misuli iliyokaza hulegea. Ubongo nao hutoa kemikali zake za asili, zikiwemo zile ziitwazo endofini, ambazo hupunguza maumivu. Anayefanya hivyo mara kwa mara hulala vizuri zaidi, na moyo wake huzoea kufanya kazi bila kuhangaika. Kwa maneno mepesi, miguu ikikimbia, moyo hupumzika.

Tulinganishe na dawa nyingine ambazo watu huzikimbilia. Pombe huahirisha hofu mpaka asubuhi na kuiongezea deni. Kubeti huahidi kumaliza mashaka, kumbe ndiko kuyanunua kwa fedha. Simu isiyozimwa usiku humletea mtu hofu za dunia nzima juu ya zile za nyumbani kwake. Hizo ndizo mbio za sakafuni.

Mafundisho ya Mama Kanisa

Huenda mwamini akauliza kama haya ni mambo ya kuzungumzwa na padre. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Gaudium et Spes namba 14, unafundisha kwamba mwanadamu ni mmoja katika mwili na roho, na kwamba haruhusiwi kuudharau uhai wa mwili wake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 2288 inaeleza kuwa uhai na afya ni zawadi za thamani tulizokabidhiwa na Mungu, nasi tunapaswa kuzitunza kwa busara, tukizingatia pia mahitaji ya wengine. Namba inayofuata inatukataza kuufanya mwili kuwa mungu. Kati ya kuudharau mwili na kuuabudu ndipo ilipo njia ya Mkristo.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kuhusu wapiga mbio uwanjani na taji linaloharibika (1Kor 9:24-27). Alijua anaongea na nani, kwa kuwa karibu na mji wao yalifanyika mashindano mashuhuri ya Isthmia kila baada ya miaka miwili. Katika nyakati zetu, Mtakatifu Yohane Paulo II, ambaye mwenyewe alipenda milima na michezo, aliadhimisha Jubilei ya wanamichezo katika uwanja wa Olimpiki mjini Roma tarehe 29 Oktoba 2000. Leo hii Vatikano ina chama chake cha riadha, Athletica Vaticana, kilichozinduliwa rasmi mwaka 2019, ambamo mapadre, walinzi na wafanyakazi wa kawaida hukimbia pamoja.

Namna ya kuanza

Wengi wetu tuliosoma shule za msingi hapa Tanzania tunakumbuka mchakamchaka wa alfajiri. Hakuna aliyetuuliza tuna raba au hatuna. Tulikimbia kwa safu, tukiitikia nyimbo, na pumzi zetu zikafuata mdundo wa nyayo. Tulifika darasani tumechangamka. Mchakamchaka ule una mafunzo mawili. Kwanza, mwendo ulikuwa wa pole kiasi kwamba mtu aliweza kuimba, na hicho ndicho kipimo kizuri hata leo. Ukishindwa kuzungumza na mwenzako, umeongeza kasi kupita kiasi. Pili, hatukukimbia peke yetu. Msongo wa mawazo hupenda kumtenga mtu, kama Elia alivyomwacha mtumishi wake Beer-sheba. Jumuiya Ndogo Ndogo, VIWAWA, UWAKA na WAWATA wanaweza kupanga asubuhi moja au mbili kwa wiki za kutembea na kukimbia pamoja. Akina mama wengi huona haya au huhofia usalama wao wakiwa peke yao barabarani, lakini wakiwa watano au sita, haya na hofu hupungua.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba mtu mzima apate kila wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, kama kutembea kwa haraka, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi mazito zaidi, kama kukimbia. Ukikimbia dakika 25 mara tatu kwa wiki umefikia kiwango hicho. Usianze na zote. Mwenye rozari anaweza kuitumia kama saa yake: tembea kwa muda wa tendo moja, kimbia polepole kwa Salamu Maria tano, kisha tembea tena. Ukimaliza matendo matano umefanya mazoezi na umesali. Wiki zinavyopita, ongeza sehemu ya kukimbia na punguza ya kutembea. Ukiona maneno mengi yanakukata pumzi, litaje tu jina la Yesu kwa kufuata pumzi zako. Chagua njia isiyo na magari mengi, na ikibidi kupita barabarani, kimbia ukiyatazama magari yanayokuja.

Mipaka ya kuzingatia

Nasisitiza mambo manne. La kwanza, mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu, kisukari au maumivu ya magoti amwone mganga kwanza hospitalini. Anayehisi maumivu ya kifua au kizunguzungu akiwa anakimbia asimame mara moja na atafute matibabu.

La pili, mbio si tiba ya kila kitu. Mtu ambaye huzuni yake imedumu kwa wiki nyingi, asiyekula, au anayewaza kuondoa uhai wake kama Elia alivyotamani kufa, anahitaji kusindikizwa kwa daktari bila kuchelewa. Kumwambia mtu huyo kwamba hana imani ni kumwongezea mzigo. Malaika hakufanya hivyo.

La tatu, yupo mama anayelima tangu alfajiri, anayechota maji na kubeba kuni kilomita nyingi. Huyo hana haja ya kuongezewa mbio. Sehemu yake katika habari ya Elia ni usingizi na mkate, na wajibu wetu wengine ni kumpokea ndoo. Mume anayeanza kukimbia asubuhi na kumwachia mke kazi zote za nyumbani hajauelewa ujumbe huu.

La nne, mbio nyingi siku hizi hupangwa asubuhi ya Dominika. Mazoezi yasichukue nafasi ya Misa Takatifu. Tunatulizwa mwili ili tuweze kukutana na Bwana. Hatumwachi Bwana ili tukautulize mwili.

Kumaliza mwendo

Tarehe 20 Oktoba 1968, katika Michezo ya Olimpiki huko Mexico, Mtanzania John Stephen Akhwari, mwenyeji wa Mbulu, alianguka katika mbio za marathoni na kuumia vibaya goti. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa amemaliza zaidi ya saa moja kabla, na giza lilikuwa limeingia, pale Akhwari alipoingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bendeji. Alikuwa wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma aende kuanza mbio, bali azimalize. Jina lake linakumbukwa kuliko majina ya wengi waliomtangulia siku ile.

Wapendwa, hatuwezi kuamua mvua inyeshe lini, wala mkataba utaandikwa upya au la. Lakini tunaweza kuamua kwamba hofu isitukalishe chini ya mretemu tukidhani safari imekwisha. Usingizi, chakula, hatua chache za asubuhi, sala, Sakramenti za Kitubio na Ekaristi, ndugu wa kutembea naye: kwa hayo Mungu humwinua mtu na kumrudisha njiani.

Baba yule niliyemtaja alirudi kwangu baadaye, nami nikampa nusu iliyobaki. Tulianza kutembea pamoja, mimi na yeye, siku mbili kwa wiki baada ya Misa ya asubuhi, kisha tukawa tunakimbia. Kazi aliyokuwa akiingoja haikurudi. Alipata vibarua, akauza baiskeli moja, akaomba shule imruhusu kulipa ada kwa awamu. Asubuhi moja, tukiwa tunapanda mlima polepole, aliniambia, "Padre, jana nimemaliza rozari yote." Tuliendelea kupanda.