Mwaka wa Kwanza wa Mgeni Nchini China: Lugha, Soko na Baridi

Masomo yanapoanza nchini China mwezi Septemba kila mwaka, vijana kutoka Afrika ya Mashariki huwasili Beijing, Wuhan, Tianjin, Guangzhou na miji mingine, barua ya chuo mkononi na nguo za baridi sandukuni. Kwa mujibu wa takwimu za Wizara ya Elimu ya China, mwaka 2018 nchi hiyo ilikuwa na wanafunzi wa kigeni 492,185, na kati yao 81,562 walitoka barani Afrika. Njia hiyo ilifungwa mwezi Machi mwaka 2020 kutokana na maradhi ya Uviko-19, ikafunguliwa tena kwa wanafunzi mwezi Agosti mwaka 2022.

Baadhi ya vijana hao husoma kwa Kiingereza. Lakini wale wanaopewa ufadhili wa serikali ya China ili wasome shahada ya kwanza kwa Kichina kwa kawaida huwa na mwaka mmoja tu wa kujifunza lugha kabla ya kuingia darasani pamoja na Wachina wenyewe, na asiyefaulu mtihani wa mwisho wa mwaka huo anaweza kupoteza ufadhili wake. Kwa kijana aliyeagwa na ukoo mzima uwanja wa ndege, mwaka huo ni mrefu kwa taabu na mfupi kwa kazi iliyopo.

Shughuli ya kwanza haingoji lugha. Sheria ya China inamtaka mgeni asiyelala hotelini aandikishwe kwenye kituo cha polisi cha mtaa anaokaa ndani ya saa 24 baada ya kufika. Anayekaa muda mrefu hutakiwa pia kuomba kibali cha kuishi ndani ya siku 30. Wanaokaa bwenini husaidiwa na chuo, ilhali aliyepanga chumba mjini hulazimika kwenda mwenyewe pamoja na mwenye nyumba, na hapo ndipo anapotambua kwamba ishara za mikono zina mwisho wake.

Darasani kikwazo cha kwanza ni toni. Kichina sanifu kina toni nne, na neno hubadilika maana kwa kupanda au kushuka kwa sauti. Mzungumzaji wa Kiswahili amezoea kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, wala hana mazoea ya kupima sauti ya kila silabi. Hivyo anapotaka supu, "tang" kwa sauti ya juu iliyonyooka, akapandisha sauti, anakuwa ameomba sukari. Kwa mfanyabiashara hatari ni kubwa zaidi: "mai" yenye sauti inayoshuka kisha kupanda ni kununua, na "mai" yenye sauti inayoshuka kwa nguvu ni kuuza.

Hata hivyo, mzungumzaji wa Kiswahili ana akiba yake. Katika Kichina herufi b na p za maandishi ya Kilatini hutofautiana kwa pumzi inayotoka kinywani, na watu wa Lamu na Mombasa wanaijua tofauti hiyo tangu utotoni, kwani wao hawalitamki paa la nyumba kama wanavyomtamka paa wa porini. Vilevile Kichina hakihesabu kitu bila kuweka neno la aina yake kati ya namba na jina. Kitabu kina neno lake, karatasi ina lake, na mnyama ana lake. Wanafunzi wa mataifa mengine hulalamikia kanuni hiyo, lakini aliyekulia katika ngeli za Kiswahili haoni ajabu kwamba vitu vina makundi. Tena vitenzi vya Kichina havibadiliki kwa nafsi wala kwa wakati. Mtu husema "mimi jana kwenda", na kitenzi kikabaki vilevile.

Maandishi ndiyo mlima wenyewe. Maandishi ya Kilatini yaitwayo pinyin, yaliyoidhinishwa mwaka 1958, humsaidia mwanafunzi kutamka, lakini vibao vya barabarani, orodha za vyakula na vitabu vya masomo vimeandikwa kwa herufi za Kichina. Orodha rasmi iliyotangazwa mwaka 2013 ina herufi 8,105, na 3,500 kati ya hizo ndizo zinazotumika zaidi. Kipimo cha maendeleo ni mtihani wa HSK. Vyuo vingi hutaka daraja la 4 kwa masomo ya shahada ya kwanza, na katika utaratibu ulioanza mwaka 2010 daraja hilo lilihitaji maneno 1,200. Haba na haba hujaza kibaba: anayeandika herufi kumi kila usiku na kuzirudia asubuhi humpita mwenye kipaji anayengoja wiki ya mtihani.

Saa nazo huleta matatizo. Wachina huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo mwalimu akisema "ba dian", yaani nane, anakusudia saa mbili asubuhi ya Waswahili. Mgeni akilifasiri neno kwa neno, atafika darasani saa nane mchana na kukuta milango imefungwa. Katika hesabu za fedha, Wachina hupanga tarakimu kubwa kwa makumi ya elfu. Laki moja kwao ni "kumi za elfu kumi", na aliyekosea sifuri moja katika masoko ya jumla ya Yiwu au Guangzhou huenda akapoteza mtaji wa mwaka mzima.

Lakini lugha hufungua mlango pale mgeni anapojua kumwita mtu kwa heshima yake. Mama wa makamo anayefagia bweni huitwa "ayi", ambalo asili yake ni mama mdogo. Mwanamume wa rika la baba huitwa "shushu", yaani baba mdogo. Dereva wa teksi au fundi baiskeli huitwa "shifu", bwana fundi. Katika familia Wachina hutofautisha baba mkubwa, baba mdogo, mjomba na shangazi, kila mmoja kwa jina lake, kama ilivyo kwa Waswahili. Jirani wa umri mkubwa akimuuliza mgeni "Umeshakula?", hamkaribishi mezani, anamsalimu tu. Jibu la kutosha ni "nimeshakula", kisha naye aulizwe.

Chakula kina taratibu zake. Mwislamu kutoka Zanzibar au Mombasa hujifunza mapema herufi mbili zinazosomwa "qingzhen", zinazoonyesha mkahawa wa chakula halali. Wapishi wa mikahawa hiyo mara nyingi ni Wahui, na tambi zao za supu ya ng'ombe zenye asili ya mji wa Lanzhou hupatikana karibu kila mji. Mjini Beijing, msikiti wa Niujie, ambao kwa mapokeo ulianzishwa mwaka 996, umezungukwa na maduka ya nyama halali. Na neno "chai" halihitaji kufundishwa: lilisafiri kutoka China kupitia Uajemi hadi mwambao wa Afrika ya Mashariki, ingawa Mchina huinywa bila maziwa wala sukari.

Ugonjwa ndio unaopima lugha kuliko mtihani. Hospitalini mgonjwa huanza kwa "guahao", yaani kujiandikisha na kuchagua idara, na kwa kawaida hulipa kabla ya kila kipimo. Asiyejua kusema linapouma na tangu lini hutegemea mwenzake. Ndiyo maana wanafunzi wa zamani huwashauri wageni wajifunze majina ya viungo vya mwili kabla ya majina ya matunda.

Baridi nayo haisahauliki. Mjini Beijing mitambo ya kupasha nyumba joto kwa kawaida huwashwa tarehe 15 mwezi Novemba na kuzimwa tarehe 15 mwezi Machi. Wiki za kabla ya kuwashwa huwa ngumu, na wengi hujifunza kwa wenyeji kunywa maji ya moto kutwa.

Kufikia majira ya joto, aliyefika bila neno huweza kupatana bei, kumwelekeza dereva na kumweleza daktari maumivu yake. Bado hukosea toni, na Wachina humwambia "man man lai", yaani taratibu. Kwa mtu aliyelelewa na methali ya haraka haraka haina baraka, shauri hilo si geni. Mtihani ukishamalizika, ayi wa bwenini humuuliza kama umekuwa mgumu, naye humjibu kwa Kichina, bila kutazama daftari.