Ndui: Ugonjwa Uliowakutanisha Mahasimu wa Vita Baridi

Wazee wengi wanaofika kliniki wana kovu bapa mkononi, alama ya chanjo ya ndui. Wajukuu wao hawana kovu hilo; walilo nalo, kwa kawaida, ni la BCG, chanjo ya kukinga kifua kikuu, na si vema kuyachanganya makovu hayo mawili. Sababu ya tofauti hiyo inapatikana kwa kiasi kikubwa nje ya hospitali, katika mikutano ya mataifa yaliyokuwa yakitishiana kwa silaha za nyuklia.

Mwaka 1949 Umoja wa Kisovieti ulisusia Shirika la Afya Duniani (WHO). Uliporejea, mjumbe wake, Profesa Viktor Zhdanov, alisimama katika Mkutano Mkuu wa Afya Duniani wa mwaka 1958 uliofanyika Minneapolis, Marekani, akapendekeza ndui itokomezwe duniani kote. Katika hotuba yake alinukuu barua ya Thomas Jefferson, rais wa zamani wa taifa mwenyeji, kwa Edward Jenner aliyebuni chanjo. Hoja yake ya kitabibu ilikuwa thabiti: virusi vya ndui huishi kwa binadamu pekee, dalili zake huonekana wazi usoni, na chanjo ilikwishakuwapo. Hapakukosekana maslahi pia. Wasovieti walikuwa wameumaliza ugonjwa huo nchini mwao, lakini uliendelea kuingia kutoka nchi jirani.

Pendekezo lilipitishwa mwaka 1959, kisha likasuasua kwa miaka kadhaa kwa kukosa fedha. Bajeti ya mpango ulioimarishwa iliponea chupuchupu mwaka 1966, na kazi ikaanza Januari 1967 chini ya Mmarekani, Dkt. D. A. Henderson. Wakati huo inakadiriwa watu milioni 10 hadi 15 walikuwa wakiugua kila mwaka. Wasovieti walitoa sehemu kubwa ya chanjo, zaidi ya dozi bilioni moja kwa jumla. Marekani ilitoa fedha na wataalamu, hasa Afrika Magharibi na ya Kati. Sindano yenye ncha mbili, iliyobuniwa Marekani, iliwezesha dozi moja ya zamani kuchanja watu wanne. Chanjo iliyokaushwa, iliyoboreshwa London, iliweza kustahimili joto la vijijini ambako hapakuwa na jokofu.

Je, mahasimu hao waliaminiana? Hapana, na hilo ndilo jambo linalosahaulika mara nyingi. Ubora wa chanjo haukuachwa uthibitishwe na aliyeitoa. Sampuli zilipimwa katika maabara za Kanada na Uholanzi, na zilizokuwa dhaifu zilikataliwa hata kama mfadhili alikuwa taifa kubwa. Utaratibu huo wa kuchosha ulifanya kazi ambayo hotuba za urafiki zisingeweza kuifanya.

Mbinu nayo ilibadilika. Nchini Nigeria, Desemba 1966, Dkt. William Foege alikuwa na chanjo chache, hivyo aliwachanja waliokutana na wagonjwa na wale waliowazunguka, badala ya umma mzima. Ilifaulu kwa sababu mgonjwa wa ndui kwa kawaida haambukizi kabla ya dalili kuanza, na chanjo inayotolewa ndani ya siku chache baada ya kukutana na mgonjwa huzuia ugonjwa au hupunguza ukali wake.

Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa katika jamii alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alipanda gari moja na watoto wawili wagonjwa akimwelekeza dereva njia. Mwanzoni alidhaniwa kuwa na malaria, kisha tetekuwanga. Alipona, na baadaye akahamasisha chanjo ya polio. Ikumbukwe kwamba miezi hiyo Somalia na Ethiopia zilikuwa vitani Ogaden, na mataifa makubwa yalikuwa nyuma ya pande zote mbili. Miaka miwili baadaye, jijini Nairobi, WHO ilitangaza kuwa Pembe ya Afrika haina ndui. Tangazo la dunia nzima likafuata Mei 1980. Mpango mzima uligharimu takriban dola milioni 300, na theluthi mbili zililipwa na nchi zilizokuwa na ugonjwa wenyewe. Sifa wanazopewa wakubwa zisifunike hilo.

Baada ya hapo chanjo ya ndui kwa umma ilisitishwa. Kwa kuwa ilitoa pia kinga dhidi ya mpox, ugonjwa wa ukoo huohuo, vizazi vilivyofuata vilikosa kinga hiyo. Mpox ilipovuka kutoka Kongo hadi Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya, WHO ilitangaza dharura Agosti 2024, na chanjo zilitegemea tena ukarimu wa nchi tajiri.

Januari 2025 Marekani ilitangaza kujitoa WHO. Mei mwaka huohuo Mkutano Mkuu ulipitisha mkataba wa kukabiliana na magonjwa ya mlipuko, baada ya kuidhinishwa katika kamati kwa kura 124. China iliunga mkono, Urusi haikupiga kura upande wowote. Kiambatisho kigumu zaidi, kinachohusu nchi kutoa sampuli za vimelea na kupata mgawo wa chanjo zitokanazo nazo, kiliachwa kijadiliwe baadaye, na ikaamuliwa kuwa mkataba usifunguliwe kutiwa saini kabla hakijakamilika.