Vipimo vya Picha Vinapokwenda Kombo

Mtu huweza kuchapisha nyumbani picha ya pekee ya marehemu babu yake, akaipata haitoshei fremu, au sehemu ya kichwa imekatwa. Aghalabu printa husingiziwa tu.

Chanzo cha kwanza ni karatasi. Printa imetiwa A4, yenye milimita 210 kwa 297, ilhali programu ya tarakilishi imewekewa Letter ya Marekani, milimita 216 kwa 279. Hakikisha zinalingana.

Cha pili ni amri ya kuitosheza picha kwenye ukurasa, ambayo huikuza au kuipunguza. Bainisha vipimo unavyotaka kwa sentimita, kisha uchague asilimia 100.

Cha tatu ni uwiano. Picha nyingi za simu ni 4 kwa 3, bali karatasi ya sentimita 10 kwa 15 ni 3 kwa 2. Ukiijaza karatasi, picha itakatwa. Ukiiacha nzima, itakuwa 10 kwa 13.3, na ukingo mweupe utasalia. Afadhali uipunguze mwenyewe kabla ya kuchapisha, uamue kitakachoachwa.

Hatimaye, ijaribu kwanza kwenye karatasi ya kawaida na uipime kwa rula. Karatasi ya picha ni ghali.