Mwizi wa Stima Yuko Bafuni

Ukipanda matatu hapa Nyeri ukapita Kiganjo na Naro Moru hadi Nanyuki, utafika mji wa wanajeshi. Kuna Laikipia Air Base, ambayo kabla ya jaribio la mapinduzi la 1982 iliitwa kwa jina la Nanyuki, na kuna Nyati Barracks ya Waingereza iliyofunguliwa 2021. Kambi mpya huweza kupangiwa matumizi madogo ya stima tangu msingi. Je, bweni kuukuu la mabati nalo libomolewe? La hasha! Hutiwa viraka.

Wengi wetu tungekimbilia balbu. Si vibaya, lakini hebu tupige hesabu. Balbu ya wati 60 ikiwaka saa 12 za usiku haimalizi hata yuniti moja. Sasa nenda bafuni. Askari 100 wakioga lita 20 kila mmoja, hizo ni lita 2,000. Kuyapandisha maji hayo kutoka nyuzi 15 hadi 40 hula takriban yuniti 58, kila siku! Na baridi ya Nanyuki ya alfajiri, wacha tu, haina utani.

Dawa yake iko juu ya paa. Kanuni za serikali za 2012 ziliwapa wenye majengo ya zamani, yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku, miaka 5 waweke mitambo ya sola. Mtambo wenyewe ni rahisi: maji yakipata joto huwa mepesi, hupanda tangini, na ya baridi hushuka kuchukua nafasi yake. Hakuna pampu. Ndiyo maana hata hapa kwenye ikweta, jua likiwa utosini, paneli hailazwi chali; huinamishwa kidogo ili maji yapande.

Kuna shida moja: askari huoga kabla ya jua kuchomoza. Maji yao ni ya jua la jana. Basi tangi lazima livishwe koti zito, na mabomba vilevile, hasa yale ya zamani yanayopita nje ya ukuta. Mwezi wa Julai, mawingu yakiufunika Mlima Kenya na sisi pia, stima husaidia kidogo, ikiwa na saa ya kuizima yenyewe.

Kisha ndipo dari huwekwa chini ya mabati, na nyufa za madirisha huzibwa. Balbu zibadilishwe siku hiyohiyo, maadamu ngazi iko.